Tatu ni Upo, Mbili ni Nipo

Kwa wadogo zangu wa klabu ya umeme, kuanzia nyie wa kidato cha pili mnaoiba betri za redio za baba zenu, mpaka wale wa kidato cha tatu mnaojifanya hamuibi.

Nimestaafu. Najua mnacheka. Mtu wa miaka kumi na saba, mwenye ndevu tatu anazozinyoa kwa wembe uleule mwaka mzima, anastaafu nini? Lakini nilianza kazi hii nikiwa darasa la tano, na nimeiacha mwezi uliopita nikiwa kidato cha nne. Hapa Dodoma kuna waheshimiwa ambao hawajakaa ofisini muda huo. Sikupewa mabati wala godoro la kuagwa. Nilimkabidhi Mwalimu Halima, mlezi wa klabu, ufunguo wa kabati la vifaa, naye akaniambia niwaandikie ninachokijua, kwa sababu nisipoandika mtajifunza kwa kuungua vidole. Habari za vyeo nitaziruka. Nilikuwa fundi mkuu wa klabu yenye watu tisa na mita moja ya kupimia umeme, na mita yenyewe ilikuwa inasoma ikipenda.

Nimestaafu kwa sababu ya kengele moja ambayo haikulia. Nitafika huko. Sina haraka ya kufika.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa. Mama yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapa hapa Zuzu, na redio yake ilikuwa imekufa. Mama bila redio anaweza kushona mikono yote miwili ya shati upande mmoja. Akanipa redio nimpelekee Mzee Ndahani, ng'ambo ya pili ya korongo. Mzee Ndahani alikuwa mstaafu wa kweli, siyo kama mimi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa simu za reli, anatembea kando ya reli kuelekea magharibi na ngazi begani, anatafuta mahali waya ulipokatika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akaipindua redio. Akadondoka mende mkubwa.

"Huyu ndiye aliyekuwa anawasomea taarifa ya habari," akasema.

Nikadhani ataitengeneza. Akanipa bisibisi mimi. Yeye alikuwa na tabia ya kushika skrubu kwa midomo anapofungua kitu, na mimi nikaiga, nikameza moja. Hakushtuka. Aliniambia niirudishe ikipatikana. Ilipatikana. Iko kwenye redio ya mama mpaka leo, mama hajui, na nyie nyamazeni.

Baada ya hapo nilikuwa naenda kila siku baada ya shule. Wiki nzima ya kwanza kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu kwenye ncha za waya kwa msasa, basi. Nilimwuliza lini tutaanza umeme. Akasema huu ndio umeme, mengine ni mbwembwe. Alikuwa na plaizi yenye mpini uliofungwa mpira wa tairi la baiskeli, na ukiunga waya vibaya ilikugonga kwenye kifundo cha kidole kabla hujajua umekosea wapi. Msimwambie Mwalimu Halima, lakini nimewahi kuwagonga hivyo hivyo baadhi yenu, na viungo vyenu vya waya vikawa vizuri.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa kanisani. Mchungaji akisema tusikilize neno, spika inatoa tangazo la dawa ya kunguni. Kikuza sauti chao kilikuwa kinanasa redio. Nilifungua kila kitu, nikafunga, tangazo likawa safi zaidi. Waumini wengine walishaanza kuulizia hiyo dawa. Mzee Ndahani akaja na fimbo yake, hakufungua chochote. Akazunguka nyuma ya jengo, akaiona nondo iliyochimbiwa chini kushika waya wa kikuza sauti, akaomba ndoo ya maji, akaimwagia. Spika ikanyamaza. Tangu siku hiyo nikajua ethi, ule waya wa kwenda ardhini, ni nini.

Hapa tulieni kidogo, hata wewe uliyekaa nyuma. Umeme ukienda lazima urudi. Kwa kawaida unahitaji waya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ukiwa na mmoja tu, unaweza kuchimbia nondo kila upande na kuuacha umeme urudi kwa kupita ardhini. Zamani laini nyingi zilikuwa hivyo. Lakini ardhi iwe na unyevu. Na ardhi ya kwetu mnaijua, kuanzia mwezi wa sita inakauka mpaka mchwa wanahama. Kwa hiyo mafundi wa reli wa huku walikuwa na desturi yao. Asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, unamwagia nondo kopo moja la maji. Halafu unapiga kengele kwenda stesheni ya jirani. Tatu maana yake upo? Mbili maana yake nipo. Moja ndefu isiyokatika maana yake njoo. Mzee Ndahani alinisimulia habari hiyo kama watu wengine wanavyosimulia namna walivyooa.

"Ardhi ya huku ni mvivu," aliniambia. "Usipoinywesha haibebi kitu."

Nikacheka. Nilikuwa nacheka kila kitu wakati ule.

Nilipoingia kidato cha tatu, Mzee Ndahani akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, wa kushoto ukalegea, na sauti ikaondoka yote. Kikabaki kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Binti yake, Mama Nyemo, alikuwa na banda la chai na chapati karibu na stesheni, akalifunga ili akae naye. Alikaa miezi. Alikuwa anakaa kwenye kiti kilekile mlangoni, anachambua mchele ambao ulishachambuliwa jana yake. Ndugu walileta simu ya kioo ili Mzee awe anaandika, lakini kidole chake kilikuwa na sugu za waya na kioo hakikukitambua kabisa. Mama Nyemo akasema hata simu inamdharau baba yake.

Siku moja nimekaa pale kitandani kwake. Nikasikia tik, tik, tik. Alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa ukucha. Mara tatu. Mimi nilidhani anawashwa. Akarudia, huku ananiangalia kwa hasira ileile ya plaizi. Ndipo nikaelewa, nikagonga mbili. Mzee akafumba macho na machozi yakatoka. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Hapo ndipo nikawa mvumbuzi. Nilitengeneza masanduku mawili ya mbao, kila moja na kitufe, kengele na betri ya pikipiki iliyochoka lakini haijakata tamaa. Sanduku moja likakaa kitandani kwa Mzee, karibu na mkono wake wa kushoto, jingine kwetu, juu ya meza ya cherehani ya mama. Katikati nikavuta waya mbili kupita juu ya korongo. Mzee akibonyeza, kwetu inalia. Nikibonyeza mimi, kwake inalia. Wiki ya tatu wakapita wakusanya vyuma chakavu wakaondoka na waya mmoja. Mtu mwenye akili angetafuta waya mwingine. Mimi nikachimbia nondo mbili, moja kwa Mzee na moja kwetu, nikaurudisha umeme kwa kupitia ardhini, na laini ikalia kama kawaida. Shule nzima ikaanza kuniita Injinia wa Waya Mmoja. Jina hilo lilinilevya kuliko pombe ya mtama, ambayo sijawahi kuionja, Mwalimu Halima akisoma hapa.

Nilipomweleza Mzee kuhusu zile nondo hakugonga kitu. Alikielekeza kidole kwenye kikombe cha maji, halafu chini sakafuni. Nikamwambia najua, babu, nitainywesha.

Na niliinywesha. Nondo ya kwake ilikuwa pale Mama Nyemo anapooshea vyombo, kwa hiyo ililoa yenyewe. Ya kwetu ilikuwa nyuma ya nyumba, mahali pakavu, hiyo ilikuwa juu yangu. Kila asubuhi kopo la maji, halafu tatu, nasubiri mbili, naenda shule. Tukaongeza hata herufi, kwa kuhesabu mapigo, na Mzee akapata njia ya kunitukana upya. Nikichelewa aliniandikia MLENDA, yaani mtu anayevutika kama ile mboga. Kulikamilisha neno hilo kulimchukua dakika nyingi, na aliona inafaa. Mama yangu alijaribu kumsalimia siku moja akagonga tano, Mzee akakataa kumjibu, na tangu hapo mama hakukigusa kile kitufe.

Baada ya mwezi Mama Nyemo alifungua tena banda lake. Akaja kwetu na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Akasema, "Mwanangu, umenifungulia mlango." Alikuwa anamwacha Mzee asubuhi ameshakula, anarudi saa sita kumlisha, na katikati hapo kama kuna shida Mzee anabonyeza moja ndefu na mama yangu anakimbia. Ilitokea mara mbili, na mara zote mama alifika. Watu wakaizoea. Kile kiti cha mlangoni kikaingizwa ndani. Nyie mtaambiwa kwamba uvumbuzi mzuri ni ule ambao watu wanausahau kwamba upo. Mimi nawaambia muwe macho hasa siku watu wanaposahau.

Kisha yakaja maonyesho ya sayansi mjini. Mwalimu Halima aliniteua, na ilikuwa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kulala hukohuko kwenye bweni la shule moja. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, jua la kukausha mate, mvua bado. Mama akasema nisiwe na wasiwasi, ile nondo atainywesha yeye. Ni kopo moja tu la maji. Ningesema asante mama, leo ningekuwa bado kazini.

Lakini mimi ni mvumbuzi, bwana. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatoboa kitundu cha sindano ya cherehani kwenye kifuniko, nikaining'iniza kichwa chini juu ya nondo iwe inadondosha tone moja moja. Na kwa kuwa maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, nikatia chumvi, tena nyingi. Nikamwambia mama aendelee kushona, teknolojia imefika. Alhamisi asubuhi nikapiga tatu, nikajibiwa mbili. Nikaandika kwamba nasafiri. Mzee akaanza herufi ya jibu, lakini gari la shule lilikuwa linapiga honi, nikaondoka kabla hajamaliza. Sijui alikuwa anaandika nini. Labda MLENDA. Naomba iwe MLENDA.

Mjini nilifanya vizuri. Niliweka beseni mbili za udongo wa Zuzu, nikazimwagia maji mbele ya wageni, kengele ikalia, watu wakapiga makofi. Niliwachekesha. Mgeni mmoja aliyevaa suti aliniuliza kama mfumo huu unaweza kushindwa. Nikamwambia ukiona umeshindwa ujue mtumiaji ndiye mbovu. Walicheka sana. Ilikuwa Ijumaa, kama saa tatu asubuhi.

Nilirudi saa nane mchana na cheti kwenye bahasha. Mama alikuwa kwenye cherehani. Nikamwonyesha cheti, nikapiga tatu ili nimringie Mzee. Kimya. Nikapiga tena. Nikamwambia mama huyu mzee amenuna kwa sababu nimemkosesha maongezi ya asubuhi. Nikamwuliza kama kengele ililia tangu nilipoondoka jana. Akasema haijalia hata mara moja, siku zote mbili zimekuwa shwari.

Shwari. Nikachukua mita.

Nikapima betri, imejaa. Nikakagua vile viungo vyangu, nikavikwangua kwa msasa ingawa havikuwa na kutu. Nikaufuata waya mpaka ukingoni mwa korongo, nikarudi. Nilikuwa napiga mluzi. Mama akasimamisha cherehani akasema, "Si uende tu ukamwangalie? Ni hapo tu."

Nikamjibu hivi, na nataka mlisome neno kwa neno: "Mama, fundi haendi kugonga mlango. Fundi anatengeneza laini."

Ilipita nusu saa, labda zaidi. Mwishowe nikaenda nyuma ya nyumba kwenye nondo. Ile chupa ilikuwa karibu imejaa. Kwenye kitundu cha sindano chumvi ilikuwa imeganda, donge jeupe dogo kama jino la mtoto. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, umepasuka. Nikacheka peke yangu, kwamba injinia kazibwa na chumvi yake mwenyewe. Nikachota kopo la maji, nikamwaga.

Maji hayajaisha kwenye kopo, kengele ikaanza kulia ndani.

Nikapiga kelele ya furaha. Nikasema imepona, mama, unaisikia? Nikasubiri ikatike nihesabu. Haikukatika. Mama alitokea mlangoni na kitambaa cha sare mkononi, ananiangalia, na kengele inaendelea nyuma yake. Moja. Ndefu. Ndipo nikaelewa kwamba haikuanza kupigwa sasa hivi. Ilikuwa inapigwa muda wote. Kilichochelewa ni maji.

Tulikimbia. Mzee alikuwa ameanguka, yuko nusu kitandani na nusu sakafuni, na sanduku liko chini ya mkono wake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, ukucha umekuwa mweupe. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi yakielekea mlangoni. Jirani alileta bajaji, mama akampakata kichwa njia nzima, na mimi nikampigia Mama Nyemo simu. Siku hiyo banda lilikuwa na wateja wengi, hakuwa amerudi saa sita. Alisema alijua kungekuwa na shida kengele ingelia.

Hospitalini daktari alimwuliza alianguka saa ngapi. Hakuna aliyejua. Chai ya asubuhi ilikuwa juu ya stuli, ameinywa nusu, kwa hiyo inawezekana ni saa tatu, wakati watu wanapiga makofi. Nilimwuliza daktari kama angeletwa mapema ingekuwaje. Akasema hilo hawezi kulijua, akanishika bega. Afadhali angenigonga kwa plaizi.

Mzee Ndahani aliishi siku tisa. Nilienda kila siku baada ya shule, kama zamani. Nilikuwa nagonga tatu kwenye chuma cha kitanda, tatu, halafu nasubiri. Wagonjwa wengine walidhani nina ugonjwa wangu. Siku ya nane kidole kilisogea kidogo juu ya shuka, mara moja. Sijui kama ni jibu au ni mshtuko wa misuli. Sikuwa na chombo cha kupimia.

Baada ya msiba Mama Nyemo alikuja kwetu. Nilitaka kupiga magoti. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniambia tu niuondoe ule waya, kwa sababu kila akitoka nje anauona. "Siku zote nilikuwa nakaa mlangoni," alisema. "Hiyo kengele yako ilinitoa pale." Kisha akanishukuru kwa ile miezi. Banda lake halijafunguliwa tena. Kiti kimerudi mlangoni, anakaa, ingawa ndani hakuna tena wa kumlinda.

Niliuviringisha waya siku ileile. Cheti nilimrudishia Mwalimu Halima shule ilipofunguliwa Januari, nikiwa kidato cha nne, pamoja na ufunguo. Yeye ni mtu wa Kondoa, hana maneno mengi, na anapokasirika anaongea polepole zaidi. Aliniambia mafundi wote wana siku kama hiyo na wanaendelea. Nikamwuliza yeye ana siku kama hiyo. Akasema yeye ni mwalimu tu, hajawahi kutegemewa na mgonjwa aliyelala kitandani. Akaupokea ufunguo.

Kwa hiyo kabati ni lenu. Plaizi yenye mpira wa tairi ilikuwa ya Mzee, Mama Nyemo amekubali ibaki klabuni, msiifungulie soda. Mita mbaya mnaijua. Yale masanduku mawili yako rafu ya chini, yanafanya kazi, sikuweza kuyavunja. Najua kuna mmoja wenu ameshaanza kuyachungulia, maana nimeona alama za vidole kwenye vumbi. Sitakukataza. Mimi mwenyewe ungenikataza nisingesikia.

Ukiyafunga mahali, tumia waya mbili. Ukilazimika kutumia mmoja, mwagia nondo maji kwa mkono wako mwenyewe, maji matupu, kila asubuhi, na kama hupo mwambie mama yako na umshukuru. Piga tatu. Usipojibiwa mbili, usishike mita, usishike bisibisi, usiangalie betri. Kimbia.

Kutoka kwetu mpaka kwa Mzee Ndahani, kushuka korongoni na kupanda, ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi sasa, nikitembea taratibu kama mtu asiye na kazi, na kila mara nafika kabla sijachoka.